Nalala masaa manne, presha 146/92, hasira za haraka: nianze kubadilisha lipi?

MkaziWaKimara

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoijua mada. Wauza unga wa mizizi wanipite tu.

Mwanaume, miaka 41, kazi ya mezani Kivukoni, makazi Kimara. Naamka saa 10:30 alfajiri, natoka nyumbani saa 11:30, nakaa kwenye kiti cha ofisi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 11 jioni. Nafika nyumbani saa 1:30 usiku, chakula saa 3, saa 4 niko kitandani na simu. Usingizi unakuja kwenye saa 6, na saa 8 au 9 usiku niko macho tena. Jumapili nafidia mpaka saa 4 asubuhi.

Vinywaji: chai ya maziwa asubuhi yenye vijiko vitatu vya sukari, kahawa saa 4, kisha kopo la enaji la ml 500 saa 10 jioni ili nisisinzie. Sivuti sigara. Bia ni mbili tatu Ijumaa. Famasi walinipima presha wakasema 146/92. Linalonisumbua zaidi ni hasira. Watoto wakidondosha kikombe tu nimeshapandisha sauti.

Ushauri wa mtaani niliopewa: lita mbili za maji kabla ya kupiga mswaki, kuacha ugali kabisa, kuamka saa 9 nikakimbie, na kujiunga gym. Vyote kwa mpigo siviwezi. Nikitaka kuanza na viwili au vitatu, ni vipi, na vinafanywaje hasa?

Zamu ya Usiku

Mkuu, anza na usingizi. Mtu anayelala masaa manne mwili wake unashinda kwenye tahadhari: mapigo ya moyo juu, hamu ya vitu vitamu juu, uvumilivu chini. Ukienda gym katika hali hiyo, utaiacha kabla mwezi haujaisha na utajiona mvivu, kumbe ulianzia mwisho.

Na kwenye usingizi wengi hukosea mlango. Wanang'ang'ania saa ya kulala. Usingizi hauamrishwi kuja saa 4, ila kuamka unaweza kujiamrisha. Chagua saa maalumu ya kuamka na uishike siku zote saba. Saa ya ndani ya mwili inawekwa sawa na mwanga wa asubuhi pamoja na muda unaoamka. Ukilala Jumapili mpaka saa 4 asubuhi, yaani zaidi ya masaa matano kupita kawaida yako, unaisukuma mbele, halafu usiku wake unaitaka irudi nyuma ghafla. Haiwezi. Wiki nzima unalipa deni la Jumapili moja.

Kwa ratiba yako, amka saa 11:00, si saa 10:30. Hiyo nusu saa inapatikana usiku: pasi, viatu, begi na bakuli la chakula cha mchana viwe tayari mara baada ya kula. Jumapili ukishindwa kabisa, usivuke saa 12 asubuhi. Ukizidiwa mchana, lala dakika 20 kwa kutega alamu, na iwe kabla ya saa 9 alasiri. Ukipitiliza nusu saa unazama kwenye usingizi mzito, unaamka kichwa kizito, na usiku usingizi unakukimbia.

Chakula kikivutwa kutoka saa 3 hadi saa 2:15, unaweza kuzima taa saa 4 na kupata masaa saba. Mtu mzima anahitaji angalau hayo saba.

Sasa kopo la saa 10 jioni. Soma ubavuni mwake. Makopo mengi yameandikwa kafeini mg 30 hivi kwa kila ml 100, maana yake kopo la ml 500 lina mg 150 au zaidi. Kafeini huchukua kama masaa matano kupungua nusu; kwa wengine matatu, kwa wengine saba. Kwa hiyo saa 4 usiku unapanda kitandani na mg 65 hivi bado zinatembea mwilini, karibu sawa na kikombe cha kahawa. Wapo watakaokuambia wao hulala vizuri tu hata wakinywa usiku. Kulala wanalala, ila usingizi mzito unapungua na wanaamka amka bila kujua sababu.

Kafeini yote iishe saa 6 mchana. Usiikate siku moja, maana ukiiacha ghafla kichwa kinaanza kuuma ndani ya siku ya kwanza, kinafikia kilele siku ya pili, na kinaweza kuendelea wiki nzima. Hapo ndipo wengi hurudi kwenye kopo. Siku tatu za kwanza kunywa robo tatu ya kopo, siku tatu nusu, siku tatu robo, kisha acha. Kahawa ya saa 4 asubuhi ibaki, haina neno.

Kitanda kiwe cha kulala na mambo ya ndoa tu. Simu ichajiwe upande wa pili wa chumba. Alamu ikilia utalazimika kusimama, na hiyo nayo ni faida. Mwanga wa simu ni tatizo dogo. Tatizo kubwa ni yaliyomo: grupu la ukoo, mabishano ya mpira, ujumbe wa bosi. Ubongo unapewa kazi muda wa kufunga.

Ukikaa macho kitandani kwa kama dakika 20, kwa kukisia, bila kuangalia saa, ondoka. Kaa sebuleni kwenye kiti, taa hafifu, soma kitu kisichosisimua, rudi kope zikiwa nzito. Kama mnaishi chumba kimoja, kiti au mkeka pembeni ya kitanda unatosha. Fanya hivyo hata mara nne kwa usiku. Wanaoshindwa hapa ni wale wanaotoka kitandani wakaenda kuwasha televisheni. Siku tano hadi saba za mwanzo utachoka zaidi kuliko sasa, jiandae. Ule uchovu ndio unaojenga usingizi wa wiki ya pili. Kama kazi yako ni ya kuendesha gari au mashine, siku hizo kuwa mwangalifu sana.

Huu si ushauri wa kijiweni. Ni sehemu ya tiba ya kubadili tabia za kulala, ambayo mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani, kilishauri itangulie kabla ya vidonge kwa mtu mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi. Usinunue diazepam famasi. Mwili unaizoea, na kuiacha kunakuwa kesi nyingine.

Maji lita mbili kwa mpigo hayasafishi chochote. Figo zinayatoa na wewe unashinda chooni. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa mpaka mkojo uwe na rangi ya manjano hafifu, na punguza masaa mawili kabla ya kulala. Huenda hata huko kuamka saa 8 usiku ni kibofu.

KipimoSahihi

Hiyo 146/92 ya famasi usiikumbatie wala usiidharau. Ni kipimo kimoja, pengine umesimama foleni, umetoka juani, na kopo la enaji liko tumboni. Presha hupimwa hivi:

Nusu saa kabla: hakuna kahawa, enaji, sigara wala mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini bila kukunja nne, dakika tano kimya. Bila simu. Bila kuongea hata wakati mashine inajaza upepo. Kuongea peke yake kunaweza kuongeza namba kama 10 hivi. Mkono uwe wazi juu ya meza, usawa wa moyo. Ukiuacha unaning'inia, namba hupanda pia. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati, ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 hivi juu ya kikunjo cha kiwiko.

Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala, siku saba. Andika zote, hata zinazokukera. Siku ya kwanza itupe, maana mtu huwa bado anaiogopa mashine. Zinabaki namba 24; jumlisha za juu peke yake, gawanya kwa 24, kisha za chini vivyo hivyo. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi, nenda kituo cha afya na hilo jedwali. Usianze dawa ya jirani.

Saizi ya mkanda ndiyo kosa ninaloliona likirudiwa mno. Mkanda wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sm 22 hadi 32. Pima mkono wako kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Ukiwa na sm 35 ukafungwa mkanda wa kawaida, utasomewa presha ya juu usiyokuwa nayo.

Ikisoma 180/120 au zaidi, tulia dakika tano upime tena. Ikibaki hapo huku kifua kinauma, pumzi inakata, uso umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki sawa au macho yanaona giza, hiyo ni hospitali muda huo huo.

Mama Sufuria

Ugali usiuache, mwanangu. Ugali hauna kosa. Kosa ni mlima wa ugali na kijiko kimoja cha mchicha pembeni. Geuza sahani: nusu yake iwe mboga za majani na kachumbari, robo ugali, robo maharage, samaki au nyama. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na kwa sahani ya namna hiyo mara mbili pamoja na ndizi moja au chungwa unafika.

Ila kwa mwenye presha inayochungulia, mimi ningeenda kwenye chumvi kwanza. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa mtu kwa siku, kijiko cha chai kilichosawazishwa, kwa vyote: ya kwenye sufuria, ya mezani, ya kwenye mkate na ya supu ya asubuhi. Hakuna atakayepima mboga kwa mizani kila siku, kwa hiyo pimeni pakiti. Mkifungua pakiti ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba ya watu watano ina haki ya gramu 25 kwa siku, hivyo nusu kilo haipaswi kuisha kabla ya siku 20. Na kwa kuwa mnakula mkate na vya nje pia, lengo liwe siku 30 au zaidi. Pakiti ikiisha siku ya 11, mmeshapata jibu bila kwenda maabara.

Kupunguza: ondoa robo ya mnayotia sasa, kaeni hapo wiki mbili, ondoa robo nyingine. Ulimi unazoea ndani ya wiki chache. Ukipunguza nusu siku moja, nyumba nzima itasusa na chumvi itarudi mezani. Tia chumvi mwisho, chakula kikiwa kimeiva, maana ukitia mwanzo unaonja, unaongeza, unaonja, unaongeza. Vile vidonge vya mchuzi, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Ukitumia kimoja usitie chumvi nyingine. Papa na ng'onda zilowekwe, maji yamwagwe, zilowekwe tena. Kachumbari itiwe ndimu na pilipili tu. Chipsi za kibandani, mwambie asinyunyize kabla hajakufungia.

Msije mkahamia chumvi ya mawe isiyo na madini joto kwa sababu mtu kasema ni ya asili. Sodiamu ni ile ile, na madini joto mnayakosa. Chumvi mbadala yenye potasiamu ni nzuri kwa wengi, lakini mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha aulize kwanza kwa daktari, maana potasiamu ikizidi inagusa moyo.

Sukari yako nyingi wala haimo kwenye chai. Hilo kopo la enaji lina kama gramu 11 kwa kila ml 100, hivyo ml 500 ni zaidi ya gramu 50. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, gramu 50 ndiyo mpaka wa juu wa sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Kopo likiondoka kwa ajili ya usingizi, na sukari imeondoka nalo. Vijiko vya chai punguza kutoka vitatu hadi viwili, wiki mbili baadaye kimoja.

BintiBaraza

Salamu kutoka Mombasa. Kaka wa Kimara, umeshapata mazoezi yako bila kulipia gym, hujayahesabu tu.

Kiwango kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unatembea ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nimewahi kuipita njia yenu ya mwendokasi: badala ya kwenda na basi hadi mwisho Kivukoni, shuka Kisutu utembee. Ni kama robo saa kwa mwendo wa haraka. Asubuhi robo, jioni robo, siku tano, tayari 150. Asubuhi unapata na mwanga wa jua ambao Zamu ya Usiku ameutaja. Taa za ofisi hazifui dafu mbele ya mwanga wa nje, hata siku ya mawingu. Viatu vya ofisi viache droo ya mezani, tembea na raba. Mvua ya masika ikipiga, panda basi, usijilaumu, endelea kesho yake.

Mezani, simama kila nusu saa hata dakika mbili. Kikombe kidogo cha maji badala ya chupa kubwa kinakulazimisha uende kujaza. Mara mbili kwa wiki fanya na ya misuli: kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara 10, mizunguko mitatu, kisha sukuma ukuta kwa mikono, na ukishauzoea hamia ukingo wa meza nzito.

Kubwa zaidi kwangu ni baada ya chakula cha usiku. Tembea dakika 10 hadi 15 na mkeo au mtoto mmoja, mwendo wa pole, kabla sahani hazijaoshwa. Misuli ya miguu inatumia sukari iliyotoka tumboni muda ule ule, na ugali haukulazi kwenye kochi. Halafu mazungumzo ya watu wanaotembea bega kwa bega huwa mepesi kuliko ya kutazamana mezani. Mtoto uliyempandishia sauti asubuhi, jioni mpeleke yeye. Kimara ni vilima vitupu, kwa hiyo huhitaji kwenda mbali.

Kwa wasomaji wa Mwambao: kahawa ya barazani baada ya Isha nayo ni kafeini, vikombe viwe vidogo namna gani. Msiache baraza kwa ajili yake! Watu wa barazani ni afya kuliko chochote mnachokunywa pale. Agiza tangawizi au mchaichai, kaa na wenzako, cheka. Grupu la WhatsApp halihesabiki.

MkaziWaKimara

Asanteni sana, hasa Mama Sufuria, nimeshaandika tarehe kwenye pakiti. Maswali mawili. Chumbani ni joto, kuanzia Desemba hadi Machi ndani ya chandarua ni kama tanuri, na umeme ukikatika ndiyo basi. La pili, ile saa 8 usiku nikiamka akili inaanza kupiga hesabu: ada, kodi, mkopo. Hapo kutoka kitandani kunasaidia nini?

Zamu ya Usiku

La joto. Chandarua usikivue, malaria moja inakunyima usingizi kuliko joto la mwezi. Feni ya dari upepo wake unapiga juu ya chandarua na mwingi unaishia hapo. Feni ya kusimama iwekwe ubavuni, usawa wa godoro, ipulize kupitia ukuta wa chandarua. Chandarua kiningʼinie wima, kisikugusie mwilini, maana mbu anauma kupitia tundu pale ngozi inapogusa. Godoro nene la sponji linatunza joto, kwa hiyo tandika shuka la pamba tupu, ondoa lile blanketi la chini. Madirisha yenye wavu yanayotazamana yafunguliwe tangu jua linazama, si unapoingia kulala.

Oga saa moja au saa moja na nusu kabla ya kulala kwa maji vuguvugu. Najua Dar watu wanataka ya baridi. Baridi kali inabana mishipa ya ngozi na kuzuia joto la ndani lisitoke. Vuguvugu inaifungua, joto linatoka, na mwili ukishuka joto ndipo usingizi unakuja. Umeme ukikatika, kitambaa chenye maji shingoni na kwenye vifundo vya mikono.

La pili namwachia mwenzangu hapa chini, maana usiku si muda wa kulitatua.

Fundi wa Mawazo

Nimekuja. Saa 8 usiku ubongo unaona ada ni kubwa kuliko ilivyo saa 8 mchana, kwa sababu sehemu inayopima na kupanga imechoka na hakuna ofisi iliyo wazi ya kupigia simu. Kwa hiyo mawazo yapewe muda wake mapema.

Kila siku, muda ule ule, dakika 15 hadi 20. Kwako ingefaa ukifika tu nyumbani, au kwenye basi ukipata kiti. Isiwe kitandani, isiwe baada ya saa 3 usiku. Daftari, mstari katikati. Upande wa kushoto yale unayoweza kuyafanyia kitu, kulia yale yasiyo mikononi mwako. Kila la kushoto lipate hatua moja ndogo, yenye siku na saa. Usiandike "ada". Andika "Jumatatu saa 4 asubuhi nimpigie mhasibu wa shule, niulize kama nusu inaweza kulipwa mwezi ujao". Ya kulia yaandike tu na uyaache. Alamu ikilia, funga daftari hata kama hujamaliza. Usiku wazo likija, jiambie limeshaandikwa, lina siku yake. Likiwa jipya, karatasi na kalamu mezani, mstari mmoja, basi. Simu usiiguse.

Kuandika kuna ushahidi. Chuo Kikuu cha Baylor kule Marekani kilichapisha mwaka 2018 jaribio la vijana 57: walioandika kwa dakika tano kazi zinazowasubiri walipata usingizi mapema kuliko walioandika kazi walizomaliza, na kadiri orodha ilivyokuwa ya kina ndivyo walivyowahi kulala. Kosa la kawaida ni kuandika hisia kurasa tatu bila hatua hata moja; hapo unazidi kujichochea.

Tatizo likikushinda peke yako, mpe mtu mzima unayemwamini, kwa utaratibu huu: taja matatizo yote, chagua moja tu, toa njia tatu nne za kulitatua hata za kuchekesha, chagua moja, panga lini, rudini baada ya wiki kuangalia. Ndivyo wanavyofanya akina bibi wa Friendship Bench, mpango ulioanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda, ambapo bibi aliyefundishwa anakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa mwaka 2016 na yalionyesha dalili za sonona zikipungua, na mpango umefika hadi Zanzibar. Hakuna kifaa chochote pale, ni benchi na utaratibu.

Hasira sasa. Unaingia nyumbani ukiwa bado na foleni kichwani. Kabla ya kugusa mlango, simama dakika tano: vuta pumzi kwa puani hesabu nne, toa polepole hesabu sita. Ni pumzi sita kwa dakika. Tumbo litangulie kutoka, si mabega kupanda. Pumzi ya kutoka ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo hiyo ndiyo ndefu. Ukisikia kizunguzungu, au ganzi kwenye vidole na midomo, unavuta nyingi mno na kaboni dioksaidi imeshuka. Vuta kidogo, toa taratibu. Fanya ukiwa mtulivu wiki mbili nzima, ndipo itakuwepo siku kikombe kikidondoka. Anayeikumbuka akiwa ameshafura atasema haifanyi kazi.

Kumbuka pia kwamba kwa wanaume sonona mara nyingi huvaa hasira. Kama kwa wiki mbili, siku nyingi, umekuwa mzito moyoni au vitu ulivyovipenda havina ladha tena, nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya wilaya au ya mkoa, useme hivyo hivyo. Na likija wazo la kujidhuru, mwambie mtu siku hiyo hiyo na uende hospitali, usisubiri kulipanga daftarini.

MkaziWaKimara

Nimeelewa. Nitaanza na saa 11 ya kuamka, kuondoa kopo, na Kisutu kwa miguu. Chumvi mama watoto ameichukua yeye. Nimemsomea uzi wote, akacheka, akasema mmesahau kuniuliza kama nakoroma. Anasema nakoroma sana, halafu kuna muda nanyamaza kabisa, kisha nashtuka kama mtu aliyekabwa.

Zamu ya Usiku

Mshukuru sana shemeji, hilo linabadilisha mambo. Kukoroma, kunyamaza, kisha kushtuka ni dalili ya koo kuziba usingizini. Hewa inakatika sekunde kumi au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unakuamsha, na moyo unapigishwa mbio kila mara. Inaweza kueleza kuamka usiku, usingizi wa saa 10 jioni, hasira, na presha pia. Watu wa namna hii wanaweza kulala masaa manane na bado wakaamka wamechoka, hivyo ratiba peke yake haitatosha.

Hayo matatu uliyochagua endelea nayo. Ongeza haya: lala ubavu, si chali, shona mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia, tia mpira wa tenisi, utakugeuza wenyewe. Bia za Ijumaa ziishe masaa manne kabla ya kulala au ziachwe, kwa sababu pombe inalegeza misuli ya koo. Dawa za usingizi ndiyo usiguse kabisa. Uzito ukipungua hata kidogo, hasa wa shingoni na tumboni, koo linapata nafasi.

Kisha mwombe shemeji akurekodi dakika tatu kwa simu wakati unakoroma, akihakikisha kule kunyamaza kumo. Pima na mzunguko wa shingo. Kwa mwanaume sm 43 kwenda juu huongeza shaka. Mweleze daktari pia kama unaamka mdomo umekauka, kichwa kinauma asubuhi, au unasinzia ukiwa umekaa. Omba daktari wa magonjwa ya ndani au wa masikio, pua na koo, na waangalie sukari ya damu siku hiyo hiyo. Nenda na ile video, namba ya shingo, na jedwali la KipimoSahihi la siku saba, ili usiishie kupewa vidonge vya presha peke yake.